Bunduki ya shabaha iliyotumika: unalipia bunduki, au unalipia mtutu uliochoka?

Kasiba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiulizwa swali moja kwenye ujumbe wa faragha, nami nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hiyo nimeamua kuliweka hapa ili wanaonizidi ujuzi wanikosoe. Mtu anataka bunduki ya kulengea shabaha za mbali, hana uwezo au hana haja ya kununua mpya, na angependa siku akiiuza arudishiwe sehemu kubwa ya alichotoa. Je, anunue ipi, na aikague vipi?

Msimamo wangu ni kwamba bunduki ya aina hii ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna mwili wa chuma pamoja na bolti yake, yaani kile kipande kinachoteleza kuingiza risasi na kuufunga mtutu kwa nyuma, ambao ukitunzwa utaishi kuliko muuzaji na mnunuzi wote wawili; na kuna mtutu, ambao unalika kila risasi inapopita, kama tairi inavyoliwa na barabara. Muuzaji hutaja bei moja kwa vyote. Mnunuzi makini huigawa bei hiyo kichwani: anahesabu mwili, kitako, kifyatulio na darubini, kisha mtutu anaupa thamani ya sifuri mpaka uthibitishe vinginevyo. Akifanya hivyo, hata ikija kugundulika kwamba mtutu umekwisha, gharama ya kufunga mpya ilikuwa tayari ndani ya hesabu zake.

Somo hili nililipia. Bunduki yangu ya pili ilikuwa ya kaliba (kipenyo cha tundu la mtutu) ya milimita 6, kitako hakina mkwaruzo, na mwenyewe alinihakikishia kwamba haijafikisha risasi 600. Alinionyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana, nami nikalipa bila kuuliza la pili. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikiilaumu mikono yangu. Katika kila risasi kumi, saba au nane zilikwenda zilikotakiwa, na zilizobaki zilitawanyika bila mpangilio wowote ambao ningeweza kuusoma. Nilibadilisha risasi, nikakaza skrubu, nikabadilisha hata namna ya kupumua. Hatimaye fundi bunduki alipenyeza kamera ndogo ndani ya mtutu, akaniita nitazame: mbele kidogo ya chemba inapokaa risasi, pale mifereji ya kuizungusha risasi inapoanzia, chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na mianzo ya mifereji ilikuwa imelika kwa urefu ambao hata mimi nisiye fundi niliuona. Simshtaki muuzaji kwa uongo. Inawezekana naye aliinunua kwa mtu, akahesabu risasi zake mwenyewe tu.

Kinachoua mtutu wa bunduki yenye kasi kubwa ni moto na gesi ya baruti inayopenya kwenye koo la mtutu, hapo mifereji inapoanzia, kwa shinikizo kubwa. Msuguano wa kichwa cha risasi, ambao wengi huudhania, una mchango mdogo. Ndiyo maana ganda kubwa lililofungiwa kichwa chembamba hula mtutu upesi. Linganisha aina mbili za risasi: .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, na 6.5 Creedmoor, ambayo watengenezaji wa risasi Hornady waliitoa mwaka 2007. Zote mbili huchoma baruti inayokaribiana, takriban gramu 2.6 hadi 2.9, lakini eneo la tundu la 6.5 ni dogo kwa karibu robo, kwa hiyo moto ulio sawa unalazimishwa kupita kwenye mlango mwembamba zaidi. Walengaji wengi hutarajia risasi 5,000 au zaidi za usahihi mzuri kwa mtutu wa .308, kati ya 2,000 na 3,000 kwa 6.5 Creedmoor, na mara nyingi chini ya 2,000 kwa kaliba za milimita 6 zinazopendwa mashindanoni. Namba hizi si za kuapia, kwa maana anayefyatua risasi ishirini mfululizo mpaka mtutu haushikiki atauchosha mapema kuliko anayeuacha upoe.

Hapo ndipo suala la kuuza tena linapoanza. Kitu cha kwanza kinachoshikilia thamani ni mwili wa bunduki ambao mafundi wengi wanaufahamu na ambao vipuri vyake vimeenea. Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, imeigwa kwa vipimo na watengenezaji wengi kiasi kwamba vitako, vifyatulio na magazini ya kutoshea umbo hilo vinapatikana kuliko vya umbo lingine lolote. Tikka T3 ya mwaka 2003, na T3x iliyoifuata mwaka 2016, zinatoka kwenye kiwanda cha Sako kule Riihimäki, Finland, na bolti zake laini zimezipatia wapenzi ambao hawahitaji kushawishiwa. Kwa upande wa bunduki za risasi ndogo ya .22, Anschütz za mashindano, hasa zile zenye mwili wa namba 54, hubadilisha mikono kwa miaka mingi bila kuchuja.

Kitu cha pili ni uso wa bolti, ambao wanunuzi wapya hawautazami kabisa. Bolti yenye uso wa takriban milimita 12 inaikubali .308, .243, .260 Remington na 6.5 Creedmoor, maana zote zina kitako cha ganda chenye kipenyo kimoja. Ukinunua mwili huo, mtutu ukiisha unaweza kuhamia kaliba nyingine kwa kubadilisha mtutu peke yake. Mwenye bolti ya .223, ambayo ni ndogo zaidi, au ya risasi za nguvu kubwa ziitwazo magnamu, ambayo ni kubwa zaidi, hana uwanja mpana namna hiyo.

La tatu ni kaliba yenyewe, na hapa soko halina huruma. .260 Remington iliyotoka mwaka 1997 hufanya kazi inayokaribia sana ile ya 6.5 Creedmoor, lakini kwa kuwa risasi za kiwandani za Creedmoor zimeenea zaidi, mwenye .260 husubiri mnunuzi kwa muda mrefu. Kwako unayenunua ili kupiga shabaha, hiyo ni nafasi ya kupata kitu kizuri kwa bei ya chini. Kumbuka tu kwamba utakapouza utakutana na ugumu uleule uliokunufaisha.

Sasa ukaguzi. Kabla ya yote, hakikisha wewe mwenyewe, kwa macho na kwa kidole, kwamba chemba ni tupu na magazini haina kitu, hata kama muuzaji amekwisha kufanya hivyo mbele yako. Toa bolti, halafu linganisha namba iliyo juu yake na ile ya kwenye mwili, kama mtengenezaji huyo huweka namba kote kuwili. Bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine inaweza kuwa na nafasi isiyo sahihi kati ya uso wake na kitako cha ganda, na hilo linahusu uso wa mpigaji kabla ya kuhusu usahihi. Fundi ana geji mbili za kazi hiyo: moja bolti inapaswa kuifungia, nyingine inapaswa kuikataa. Tazama masikio ya bolti yanayojifunga ndani ya mwili; alama za msuguano zionekane kwa yote, maana sikio moja likiwa limesuguliwa hadi kung'aa na jingine bado lina rangi yake, mzigo unabebwa na upande mmoja. Kwenye uso wa bolti, mduara wa vishimo vidogo kuzunguka tundu la pini ya kufyatulia ni dalili ya gesi iliyovuja kwenye fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, na mara nyingi ni matokeo ya mtu aliyejaza baruti kwa pupa.

Mdomo wa mtutu hukaguliwa kwa kipande cha pamba: kizungushe taratibu ukingoni mwa tundu, na kama kinanasa nyuzi mahali fulani, pana kijino cha chuma pale. Hili halinitishi sana, kwa kuwa fundi anaweza kuuchonga upya mdomo bila taabu. Kutu ndani ya chemba ndiyo inayonifanya niage na kuondoka.

Halafu omba kufyatua. Muuzaji akikuonyesha kundi la risasi tatu, mshukuru, kisha omba makundi matano ya risasi tano tano, yote ya siku hiyo na yasichaguliwe. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Ishirini na tano ni vigumu. Kwa umbali wa mita 100, dakika moja ya pembe ni takriban milimita 29, na bunduki inayostahili kuitwa ya usahihi inapaswa kukaa ndani ya kipimo hicho ikiwa na risasi nzuri, bila wewe kuondoa lile tundu moja ambalo "mkono ulitetemeka".

Na kibali, wakuu. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini sijui palipo na busara katika kuchukua bunduki leo na kushughulikia karatasi baadaye. Pata kwanza kibali chako, namba za silaha zilingane na hati za muuzaji, na umiliki uhamishwe kwa njia rasmi mbele ya mamlaka au muuzaji mwenye leseni. Bunduki isiyo na historia safi ya umiliki haiuziki tena kwa bei yoyote ile, na hilo ndilo dogo kati ya matatizo yake.

Karibuni mnikosoe.

---

FundiMsasa

Mkuu Kasiba, mengi umeyasema sawasawa, lakini hiyo picha ya tope lililokauka itawafanya watu wakimbie bunduki nzuri. Hii ni kazi yangu, na kamera hiyo naitumia karibu kila siku. Mtutu wa kaliba yenye kasi huanza kuonyesha nyufa hizo kooni baada ya risasi mia kadhaa tu, na unaweza kuendelea kupiga vizuri kwa risasi elfu moja nyingine. Nyufa peke yake hazitoshi kuuhukumu. Ninachotafuta mimi ni mianzo ya mifereji iliyolika bila usawa, upande mmoja zaidi ya mwingine, au vipande vya chuma vilivyokwisha kung'oka.

Kipimo kinachoniambia zaidi kuliko picha ni umbali kutoka kitako cha ganda hadi pale kichwa cha risasi kinapogusa mifereji. Kuna kifaa rahisi cha kuupima. Koo likilika, umbali huo huongezeka, na mwenye bunduki aliyeupima siku mtutu ulipokuwa mpya na kuupima tena kila baada ya risasi mia chache ana ushahidi ambao hauwezi kutungwa kirahisi. Muuzaji akinifungulia daftari lenye tarehe, idadi ya risasi na kipimo hicho, mimi naacha kuushuku mtutu wake, na niko tayari kuulipia.

Nyongeza moja: ombeni kuona maganda matupu ambayo bunduki hiyo imekwisha kuyafyatua. Fataki iliyobapatika kabisa, au alama ya duara inayong'aa kwenye kitako cha ganda pale ambapo kitoa ganda kimekandamiza shaba, inaeleza tabia ya mwenyewe kuliko maneno yake. Na msisahau kaboni. Mtutu unaosemekana umekufa wakati mwingine una pete ngumu ya kaboni tu mbele ya chemba, na ukisafishwa kwa subira unarudi kazini. Nimewahi kumwona mteja akiuza kwa hasara bunduki ambayo haikuwa na ugonjwa mwingine wowote.

---

Hifadhi ya Kale

Ndugu mleta mada, kanuni yako ya "mtutu ni sifuri" ina hatari kwa sisi tunaokusanya. Chukua Steyr SSG 69, bunduki ambayo jeshi la Austria liliipokea mwaka 1969, au bunduki yoyote ya kijeshi ya miaka ya nyuma iliyotengenezwa kwa ajili ya shabaha. Hapo mtutu wa asili, hata ukiwa umechakaa, ni sehemu ya thamani. Ukiung'oa na kufunga mpya unaopiga vizuri mara mbili, umepata bunduki bora ya kulengea na umeharibu kitu ambacho mkusanyaji angekilipia. Namba zinazolingana kwenye mwili, bolti na mtutu, kitako cha asili, darubini na vishikizo vyake vya asili, vyote hivyo hununuliwa pamoja au vinapoteza maana.

Kwa bunduki za zamani kuna balaa jingine pia. Risasi nyingi za akiba za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hunyonya unyevu hewani. Kiyeyushi cha mafuta peke yake hakiiondoi, inahitaji maji. Mwenye kuisafisha kwa mafuta tu alidhani ameisafisha, na kutu ikaendelea chini kwa chini.

---

Kasiba (mleta mada)

Hifadhi, nakubali bila kupinga. Nilikuwa nikiwafikiria wanaonunua ili kupiga, na nilipaswa kusema kwamba bunduki ya historia ina hesabu nyingine kabisa. Ningeongeza tu kwamba mtu anayetaka vyote viwili, bunduki ya kukusanya na ya kufyatua risasi mia kila mwisho wa juma, atajikuta kila wiki anapunguza thamani ya kile alichokinunua kwa ajili ya thamani. Ni afadhali awe na mbili.

FundiMsasa, kuhusu daftari umenishinda. Narekebisha maneno yangu: mtutu ni sifuri kwa asiye na kumbukumbu.

---

Nuru_Mlengaji

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mgeni katika mchezo huu, kibali changu kimekwisha kutoka, na nimepata bunduki mbili za kuchagua kutoka kwa wanachama wenzangu wa klabu. Ya kwanza ni Remington 700 ya .308, haijaguswa na fundi tangu itoke kiwandani, na mwenyewe anakadiria imepita risasi 1,500. Ya pili ni bunduki ya kuundwa kwa agizo, 6.5 Creedmoor, ina mwili wa gharama, mtutu wa chuma kisichoshika kutu, kitako kinachorekebishika na darubini nzuri juu yake. Mwenyewe anataka karibu mara tatu ya bei ya ile ya kwanza, na anasema alitumia zaidi ya hapo kuiunda. Nani anishauri? Na je, ni kweli kwamba bunduki iliyoundwa kwa agizo hupoteza thamani?

---

FundiMsasa

Dada Nuru, nianze na .308. Kabla ya chochote, uliza imetengenezwa lini na ina kifyatulio gani. Mwaka 2014 Remington waliziita zirudishwe bunduki za 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014, kwa sababu baadhi yake zingeweza kufyatuka bila kukusudiwa. Nyingi zimekwisha kurekebishwa au kubadilishwa kifyatulio, lakini hilo ni jambo la kuthibitisha kwa karatasi na kwa fundi. Ukiikagua, kwa ruhusa ya mwenyewe na ikiwa tupu, vuta kifyatulio ukiwa umeweka kinga ya kuzuia bunduki isifyatuke, kisha ondoa kinga bila kugusa kitu kingine: pini haipaswi kuanguka. Funga bolti kwa nguvu mara kadhaa: haipaswi kuanguka vilevile.

Kwa risasi 1,500, mtutu wa .308 uliotunzwa bado ni kijana. Kwa mtu anayejifunza, hilo ni jambo kubwa, maana utafyatua risasi nyingi mwaka wa kwanza na nyingi kati yake zitakwenda pembeni kwa makosa yako mwenyewe. Ni heri makosa hayo yakamalizike kwenye mtutu unaovumilia.

---

Kasiba (mleta mada)

Dada Nuru, kuhusu ile ya kuagiza: alichotumia mwenyewe hakikuhusu. Nasema hivi bila dharau, kwa sababu mimi pia nimewahi kukaa upande wa muuzaji na kuumia. Mtu anayeunda bunduki analipia mwili, mtutu, kazi ya fundi, rangi, na vipimo vinavyoufaa mkono wake yeye. Kazi ya fundi na rangi hazirudi. Mtutu unarudi kulingana na maisha yaliyobaki. Kinachorudi vizuri ni vile vinavyoweza kufunguliwa na kuuzwa kimoja kimoja: mwili wenye jina, kifyatulio, kitako chenye umbo la kawaida, darubini. Fanya hivi: chukua karatasi, andika kila sehemu na bei ambayo ungeinunulia peke yake ikiwa imetumika, ujumlishe. Bei yake ikiwa chini ya jumla hiyo, huyo anauza kwa haki, na wewe una mlango wa kutokea hata kama bunduki nzima haitapata mnunuzi. Ikiwa juu, anakuomba umlipie mapenzi yake kwa bunduki ile.

Muulize pia nani aliyeunda, na kama hati ya kazi ipo. Bunduki mbili zenye sehemu zilezile, moja imeundwa na fundi anayejulikana na ina karatasi, nyingine imeundwa gereji na mtu asiyetajwa, hazina bei moja. Katika nchi wanachama wa CIP, chombo cha kimataifa cha kupima usalama wa bunduki, mtutu uliobadilishwa ni lazima upelekwe kujaribiwa na kupigwa mihuri kabla bunduki haijauzwa tena, kwa hiyo kukosekana kwa mihuri hiyo ni swali linalohitaji jibu.

---

Kioo Safi

Hamjaigusa darubini, na mara nyingi ndiyo inayobeba karibu nusu ya bei. Naomba niseme machache.

Darubini ipigiwe bei yake peke yake, tena ikaguliwe peke yake. Simamisha karatasi ndefu kwenye mita 100, chora mstari wima kwa timazi, piga risasi chini ya mstari, kisha pandisha kirekebishi, kile kifundo cha kusogeza lengo la darubini, kwa mili 10 na upige tena ukilenga mahali palepale. Matundu mapya yanapaswa kuwa mita moja kamili juu, kwa kuwa mili moja kwenye mita 100 ni sentimita 10. Yakiwa pungufu kwa sentimita tatu, darubini hiyo itakudanganya kila utakapokwenda mbali. Rudisha kirekebishi kwenye sifuri na upige mara ya tatu. Yasiporudi pale ya kwanza yalipo, usiichukue hata kwa zawadi. Darubini za kughushi zenye majina makubwa zipo, kwa hiyo namba yake ihakikiwe kwa mtengenezaji. Dhamana nayo hutofautiana: watengenezaji wengine huitimiza kwa yeyote aliyeishika, wengine kwa mnunuzi wa kwanza tu, na tofauti hiyo ni pesa.

Jambo la pembeni, kwa kuwa mmezungumzia majina yanayoshikilia thamani: Accuracy International ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1978, na mmoja wa waanzilishi wake, Malcolm Cooper, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50 katika mikao mitatu mwaka 1984 na tena mwaka 1988. Ukishika bunduki zao unaona kwamba aliyeziwaza alikuwa mlengaji. Zikitumika hazishuki sana, lakini bei ya kuingilia ni ya juu kiasi kwamba simshauri anayeanza.

---

Mkono wa Kushoto

Mimi naomba niwaonye wenzangu wanaotumia mkono wa kushoto. Bunduki yenye bolti ya kushoto ni adha kuipata na ni adha kuiuza. Niliisubiri yangu kwa muda mrefu, nikaipata kwa bei nafuu kwa sababu muuzaji alikuwa amekata tamaa, na sasa nimeanza kuelewa tamaa yake ilikatikaje. Sijutii, kwa maana naipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga ya kulia, lakini kwenye hesabu ya kuuza tena nimeiandika kama matumizi.

---

Nuru_Mlengaji

Narudi na taarifa. Wiki hii nilikwenda uwanjani na wauzaji wote wawili, na fundi wa klabu yetu, si FundiMsasa wa humu, alikuja na kamera na geji zake. 

Ile 6.5 ina mwili mzuri sana. Koo lake lina nyufa, ila makundi matano ya risasi tano yote yalikaa ndani ya milimita 25, isipokuwa moja lililofika 31. Mwenyewe hana daftari. Nilipojumlisha sehemu kama alivyoelekeza Kasiba na kuupa mtutu sifuri, bei yake ilizidi jumla yangu kwa zaidi ya gharama ya mtutu mpya. Nilimwonyesha karatasi yangu kwa heshima. Hakukasirika, lakini alisema atasubiri mnunuzi mwingine.

Ile .308 ilitengenezwa mwaka 2009, na kumbe iliwahi kuguswa na fundi: kifyatulio chake kilikwisha kubadilishwa. Hati ya fundi ipo. Makundi yalikuwa kati ya milimita 27 na 36 kwa risasi za kiwandani. Geji zilikubali na kukataa panapostahili. Kasoro pekee ilikuwa kijino kimoja mdomoni mwa mtutu, ambacho pamba ilikinasa mara ya kwanza tu nilipoizungusha, na muuzaji mwenyewe hakuwa akikijua. Alipunguza bei kwa gharama ya kuuchonga mdomo, nami nimeikubali. Maombi ya uhamisho wa umiliki yamekwisha kupelekwa, na bunduki iko kwa muuzaji mpaka yajibiwe. Sasa naomba mnieleze: hilo daftari nianze kuandika nini ndani yake?

---

Kasiba (mleta mada)

Hongera, dada. Ukurasa wa kwanza andika namba ya bunduki, tarehe ya kuinunua, na "takriban 1,500 kwa kauli ya muuzaji", kwa maneno hayo hayo, ili anayekuja baada yako ajue kipi ulikihesabu na kipi uliambiwa. Baada ya mdomo kuchongwa, mpe fundi apime koo na uandike kipimo hicho kabla hujafyatua risasi ya kwanza. Halafu kila siku ya uwanjani weka tarehe, idadi ya risasi, aina yake, hali ya hewa, na ubandike karatasi ya kundi la mwisho hata likiwa baya. Kile kifyatulio cha kiwandani kilichotolewa, kama muuzaji bado anacho na kilikwisha kurekebishwa rasmi, kiombe pamoja na boksi. Kama hakikurekebishwa, hati ya fundi inakutosha.

---

FundiMsasa

Na uandike kwa kalamu ya wino, dada Nuru. Mikono yenye jasho hufuta penseli kirahisi. Daftari langu la kwanza limebaki na tarehe bila namba.